Siku Moja Zaidi ya Kuchimba

Nitaanza kwa kuwataja waliokuwepo siku mliponiaga kazini, maana kwetu mtu akija kwenye sherehe yako na usimtaje, atasema alihesabiwa pamoja na kuku.

Alikuwepo mchungaji wetu wa hapa Kalamba, aliyeomba mpaka pilau ikapoa. Alikuwepo naibu wa chifu. Alikuwepo mhandisi kutoka ofisi ya maji, kijana mwenye adabu ambaye siku nilipobeba jiwe langu la kwanza mama yake alikuwa bado msichana. Walikuwepo kina mama wa mwethya wetu, wale ambao wiki hii wanachimba matuta kwa huyu na wiki ijayo kwa yule, zamu kwa zamu, wote wamejifunga leso za sare. Mdogo wangu Kyalo alikuwepo na mke wake. Mdogo wangu Ndinda, mwalimu mkuu, ndiye aliyepanga kila kitu, hata nani akae kiti gani. Mlikuwepo nyinyi, mafundi wangu wanane, mliopanga foleni ya chakula mara mbili mkidhani sioni. Na nyuma kabisa, karibu na tangi, alikaa mama mzee ambaye wengi wenu hamkumjua. Anaitwa Syomiti. Alitoka kijiji cha Tulia alfajiri, na miguuni pake aliweka mtungi mdogo wa manjano.

Mmeniomba niandike yale niliyosema siku ile, kwa sababu mnasema kipaza sauti kilikuwa kikikoroma. Nitaandika. Lakini sitaanza na hotuba. Fundi haanzi na paa.

Mnajua kazi yetu. Mito ya Ukambani hubeba maji siku chache kwa mwaka, halafu hubaki mchanga mtupu. Tunajenga ukuta kukata mto, mvua zikija zinajaza mchanga nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani ya mchanga huo, ambako jua haliyafikii wala ng'ombe hawayachafui. Mtu akichimba kwa mikono wakati wa kiangazi anapata maji safi. Mgeni akipita huona ukuta na mchanga, akauliza bwawa liko wapi. Tumezoea. Mzungu mmoja aliwahi kunionea huruma, akidhani mto umeharibu kazi yangu.

Niliingia kazi hii kwa mlango wa nyuma. Baba alitangulia, mama akafuata, na mimi, binti yao, ndiye niliyekuwa mkubwa. Nilikuwa darasa la saba. Kyalo alikuwa anaanza kusoma, Ndinda alikuwa bado anabebwa mgongoni. Shangazi alitaka tugawanywe kwa watu wa ukoo, kila mtoto nyumba yake, na hakuwa na nia mbaya. Nilikataa. Nilikunja sare yangu nikaiweka chini ya godoro, nikaenda mtoni ambako Mzee Nzioka alikuwa akijenga ukuta, na nikaomba kubeba mawe.

Mzee Nzioka alinitazama miguu kwanza. "Viatu viko wapi?"

"Sina."

"Basi utaangalia unapokanyaga. Hao wenye viatu hawaangalii. Ingia."

Alikuwa mtu mfupi, mwenye maneno machache na kikohozi kingi. Wiki nzima ya kwanza alinipa ufagio wa chelewa na ndoo. Kazi yangu ilikuwa kuosha mwamba. Nilidhani ananitania. Nilisugua, akaja, akapangusa kwa kidole, akanionyesha vumbi. Nikasugua tena. Siku ya nne nilimwambia, "Mzee, hata sahani za nyumbani sizioshi hivi."

"Ndiyo maana nyumbani kwenu hakuna mgeni," akasema. Halafu akachukua chapati yake, akaiweka juu ya mwamba, akaiokota na kuila. "Ukuta hushika palipo safi. Palipo na udongo, haushiki. Unakaa tu, kama mgeni ambaye hajavua viatu."

Mpaka leo, nyinyi mkinicheka kwa sababu ya ufagio, mimi naiona ile chapati.

Kutoka kwake nilijifunza kutia mkono ndani ya mfuko wa saruji hadi kwenye kiwiko: ikiwa na mabonge, rudisha dukani hata kama mwenye duka ni mjomba wako. Nilijifunza kusugua mchanga kiganjani: kiganja kikibaki kichafu, mchanga huo uoshwe au uachwe. Nilijifunza kwamba zege ni ugali, si uji. Fundi mvivu huongeza maji ili achanganye kwa urahisi, na ukuta wake hunywa maji hayo yote, halafu unapokauka unapasuka. Na nilijifunza kuulisha ukuta maji wiki nyingi baada ya kuumaliza, ukiwa umefunikwa magunia, hata kama watu wanasema, "Fundi, huu si umeshakauka?" Umekauka kwa nje. Mtoto naye akiacha kulia haina maana ameshiba.

Msidhani nilijifunza bila aibu. Tangi langu la kwanza, la shule moja hapa Makueni, nililijenga kwa pima maji iliyokuwa imeangushwa na mtu ambaye hakusema. Tangi likainama kidogo upande wa jikoni. Lilipojaa, maji yalifurika upande huo tu, na mbuzi wa mpishi wakajua. Kila mvua walikuja kusimama pale foleni, kama waumini. Wanafunzi wakaliita Tangi la Mbuzi. Kyalo alisoma shule hiyo, na alipigana mara mbili kwa sababu ya tangi la dada yake. Tangu hapo, pima maji yoyote naijaribu kwa kuigeuza upande wa pili kabla ya kuiamini. Nanyi mgeuze. Hata ikiwa mpya. Hata ikiwa yangu.

Lakini somo kubwa la Mzee Nzioka lilikuwa la nyundo.

Kabla ya kumwaga zege tunachimba mpaka mwamba, kutoka ukingo mmoja wa mto mpaka wa pili, na tunaingia ndani ya kingo pia, maana maji yakikosa njia katikati hutafuta pembeni. Shida ni kwamba chini ya mchanga kuna mwamba, na kuna mawe makubwa yanayojifanya mwamba. Jiwe laweza kuwa pana kuliko nyumba na bado likawa limelala tu juu ya udongo. Kwa macho huwezi kujua. Unapiga nyundo. Mwamba ulioshikana na dunia huirudisha nyundo na kulia kwa sauti kavu, kali. Jiwe lililolala hujibu kwa sauti nzito, kama mtu anayejibu akiwa na chakula mdomoni.

"Na ukishindwa kutofautisha?" nilimuuliza.

"Chimba siku moja zaidi."

"Na ukiwa bado huna hakika?"

"Siku moja zaidi."

Sasa niwapeleke Tulia.

Ukuta wa Tulia ulikuwa wa kwanza kupewa mimi peke yangu. Mzee Nzioka alikuwa amezidiwa na kifua, akabaki nyumbani. Kina mama wa kijiji hicho walikuja kwa mwethya msimu mzima, makarai ya mawe vichwani, wakiimba. Kiongozi wao alikuwa Syomiti, ambaye wakati huo alikuwa na nguvu za kuinua jiwe ambalo wanaume wawili walikuwa wakilijadili. Shamba lake liliteremka mpaka ukingo wa magharibi. Lilikuwa na mihogo, ndizi, na miembe mitatu aliyoipanda siku alipoolewa.

Kwenye ukingo huo tulikuta jiwe pana. Nililiosha. Nililigonga.

Nilisikia. Hilo ndilo ninalotaka mjue. Watu husema fundi hakujua, fundi alidanganyika. Mimi nilisikia ile sauti ya chakula mdomoni. Nikajiambia ni unyevu.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu Ndinda alitakiwa kuripoti kidato cha kwanza, shule ya bweni, na barua ilisema asiyefika siku hiyo nafasi yake itapewa mwingine. Hakuwa na mtu wa kumpeleka ila mimi. Na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa milimani. Kama ningechimba Jumamosi ndipo nimwage zege, nisingefika nyumbani kwa wakati. Kama ningeondoka bila kumwaga, mvua ingejaza msingi mchanga, na kazi ya kina mama ya wiki nyingi ingezikwa.

Syomiti alisimama juu yangu na karai lake.

"Fundi, hilo jiwe si la kuaminika. Mvua ikinyesha kule juu, chini yake panaguguma kama mtungi unaojazwa. Sisi tunasikia tukija kuteka."

"Mama, mawe hayagugumi."

"Hili linaguguma."

"Mama, fundi ni nani hapa? Mimi au wewe?"

Wenzake waliacha kuimba. Alikuwa na umri wa kunizaa. Alinitazama, akainama kujitwisha karai lake, akasema, "Haya, fundi. Mawe yaja."

Nilimwaga zege siku hiyo. Nikamaliza kesho yake asubuhi, nikaenda. Jumatatu Ndinda aliripoti shuleni, mimi nikiwa nimemshikia sanduku.

Ukuta ulisimama mvua ya kwanza. Mvua ya pili maji yakapata njia chini ya lile jiwe, yakala udongo wake kidogo kidogo, likabingirika. Bawa la ukuta, ule upande ulioingia ukingoni, likavunjika. Mto wote ukageuka, ukapitia hapo. Nilipofika, ukuta wangu ulikuwa umesimama katikati ya mchanga mkavu, mzuri, umenyooka, kama mlango usio na nyumba. Na mahali palipokuwa na mihogo na miembe ya Syomiti palikuwa na mto.

Ofisi iliandika kwamba yalikuwa mafuriko makubwa. Na kweli maji yalikuwa mengi. Hakuna aliyeniuliza.

Mzee Nzioka aliomba apelekwe akaone. Alishuka ukingoni akishikwa mkono, akalifikia lile jiwe pale lilipobingirikia, akaligonga mara moja. Hakugonga tena.

"Ulilisikia?" akaniuliza.

"Nililisikia, mzee."

Akakohoa muda mrefu. "Ofisi imeandika ya ofisi. Wewe nenda kwa yule mama useme yako."

Nikasema nitakwenda baada ya mavuno. Mavuno yakaja, Mzee Nzioka akawa amezikwa. Nikasema nitakwenda Kyalo akimaliza chuo. Nikasema nitakwenda nikipata kazi upande ule. Nilipata kazi upande ule mara nyingi, na kila mara nilijua njia ya kuizunguka Tulia. Wanangu, mtu anaweza kujenga kuta nzuri miaka mingi, moja baada ya nyingine, huku akikwepa moja tu.

Basi, siku ya sherehe. Nilikuwa nimeketishwa kwenye kiti chenye kitambaa, nimevishwa leso tatu juu ya nguo ambayo tayari ilikuwa na joto. Ndinda akasimama kuzungumza. Mnamjua, akizungumza hata kuku hutulia.

"Dada yangu aliacha shule ili mimi nisome," alisema. "Mikono yake mmeiona. Na katika miaka yote hiyo, Mungu ni shahidi, hakuna ukuta wake hata mmoja uliowahi kuanguka."

Vigelegele vikapigwa. Nyinyi ndio mliopiga makofi zaidi. Mimi nilikuwa namtazama Syomiti kule nyuma. Nilikuwa nimemtambua alipoingia, kwa jinsi alivyoweka shingo, kama bado ana karai kichwani. Hakupiga makofi na hakukunja uso. Aliinama, akachukua mtungi wake, akaanza kuja mbele polepole.

Msema chuma wenu, yule kijana wa kipaza sauti, akatangaza, "Mama mzee ana zawadi! Mpisheni mama!"

Syomiti akaomba kikombe. Akamimina maji, akanipa kwa mikono miwili. "Onja, fundi. Nimekuletea soda ya kwetu."

Watu wakacheka. Walidhani ni baraka za wazee. Nikanywa. Yalikuwa maji ya chumvi, chumvi inayoukaza ulimi.

"Mnakunywa haya?" nikamuuliza chinichini.

"Tunakunywa. Tangu mto uhame tuna kisima hiki tu. Yana faida yake. Githeri hatutii chumvi."

Akarudi kukaa. Nanyi, kwa kuwa hamkujua, mlidhani ni mama mmoja tu aliyekuja na maji. Kijana wa kipaza sauti akaniletea chombo chake, akasema sasa mstaafu atatoa neno.

Nilikuwa na hotuba ndani ya mkoba. Nilimtazama Ndinda. Alikuwa bado anatabasamu, machozi yamemlenga. Niliwaza: nikisema, nitamfanya mwongo mbele ya wageni wake, siku aliyonitengenezea mwenyewe. Nikisema yote, atajua kwamba masomo yake yalijengwa juu ya lile jiwe. Nisiposema, Syomiti atakula nyama, atashukuru, ataondoka, na mimi nitakuwa mtu ambaye ukuta wake haujawahi kuanguka mpaka siku ya kuzikwa.

Nikasema, "Ndinda, keti. Umesema vizuri, lakini kuna ukuta ulioanguka. Uko Tulia. Mwenye shamba lililochukuliwa ni yule mama aliyeniletea maji. Aliniambia jiwe ni bovu, nikamjibu kwa kiburi. Nilisikia kwa masikio yangu kwamba ni bovu, nikamwaga zege. Mafuriko hayakuwa na kosa. Kosa ni langu."

Kwa nini nilikuwa na haraka, sikusema. Hapo ndipo kipaza sauti kilipokoroma, na mimi nikakishukuru.

Hapakuwa na vigelegele. Mchungaji alifungua Biblia akitafuta mahali, akaifunga. Mhandisi alitazama viatu vyake. Ndinda hakuketi. Aliuliza, taratibu, kama anavyouliza mtoto aliyevunja dirisha, "Ilikuwa lini, dada?"

"Zamani."

"Zamani gani?"

Akanisogelea, akanishika mkono, akautazama. "Siku uliyonipeleka shule," akasema, "ulikuwa na saruji kwenye kucha. Matron alikuuliza kama umetoka kuzika."

Alikwenda mpaka nyuma, mbele ya watu wote, akachuchumaa mbele ya kiti cha Syomiti kama msichana. Walichozungumza sikukisikia. Ninachojua ni kwamba baadaye Syomiti alisimama, akaninyooshea kidole.

"Mimi sikuja kudai," akasema, na hakuhitaji kipaza sauti. "Mjukuu wangu aliona picha yako kwenye simu, kwamba unastaafu. Nikasema, wacha nikampe maji ajue tuko hai. Lakini kwa kuwa umesema mwenyewe mbele ya watu, sawa. Sisi tulikuja kwako msimu mzima. Zamu ya kwetu hukuja. Na mwethya haustaafu, mwiitu wakwa." Binti yangu, aliniita hivyo. Halafu akageuka kwa kina mama. "Sasa hiyo nyama iko wapi, au mnangoja nipoteze meno yaliyobaki?"

Hapo ndipo vigelegele viliporudi, na mkapanga foleni yenu ya pili.

Ndiyo sababu hamnioni nyumbani siku za Jumanne: niko Tulia, kwenye ukuta mpya. Mhandisi alikubali kutoa saruji, kwa sharti kwamba atauona msingi kwanza. Tuko juu kidogo ya pale pa zamani, maana mto ulihama na hauwezi kurudishwa. Ndinda huja shule zikifungwa, anabeba karai vibaya sana, shingo imekakamaa. Nilimwambia apumzike, akanijibu kwamba mawe yale ya kwanza yalimbeba yeye hadi darasani, kwa hiyo nimwache. Miembe ya Syomiti sitaweza kuirudisha. Nilimpelekea miche mitatu, akaipanda. Akasema yeye hataila matunda yake, lakini atapenda kuigombeza.

Hawezi tena kubeba mawe, kwa hiyo nilimpa nyundo yangu. Ile aliyoniachia Mzee Nzioka. Anakaa kwenye kiti chake ukingoni, tukifika kwenye jiwe tunamshusha, tumemshika mikono pande mbili.

Jumanne iliyopita tulifika kwenye jiwe pana upande wa magharibi. Nililiosha kwa ufagio, mara mbili. Lilikuwa limetulia, zuri, na kina mama walikuwa wamechoka, na kulikuwa na mawingu.

"Unasemaje, fundi?" Syomiti akaniuliza.

"Sema wewe, mwaitu," nikamwambia, nikimwita mama.

Akainama, akagonga. Akaweka kiganja juu ya jiwe kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akagonga tena.

"Chimba," akasema.

Tukachimba mpaka jua likaenda. Bado hatujafika mwamba. Njooni Jumanne, na mje na sururu zenu.